Sababu ya Kinyozi

Waziri alikufa kwa wembe, kitini kwa kinyozi aliyemnyoa miaka kumi na mmoja, povu la sabuni likiwa bado shavuni, na kabla hata hajazikwa kila mtu alishajipatia sababu yake. Wakubwa walisema kinyozi katumwa na wapinzani. Wapinzani wakamwita shujaa. Magazeti, hayana haya yale, yakatafuta mwanamke. Kinyozi mwenyewe hakuna aliyemuuliza, isipokuwa mama mmoja mpiga chapa wa ofisi ya upelelezi, naye kwa kuwa ndiyo kazi yake.

Kinyozi alimweleza bila kupepesa macho. Mwanawe alipigwa risasi kwenye maandamano, kwa amri ya waziri huyohuyo. Akamzika, wiki iliyofuata akarudi kazini.

"Sikuwa na nia yoyote, mama. Nilikuwa namnyoa kama siku zote. Akaniuliza, mwanao hajambo? Hata kujua hakujua."

Mama yule alichapa neno kwa neno. Mpelelezi mkuu akasoma, akaichana karatasi. Kisha akamwekea mezani maelezo mengine, yaliyosema kinyozi alitumwa na watu kumi na wawili, na majina yao chini. La saba lilikuwa la mdogo wa mama yule, wa tumbo moja, katibu wa tawi la wapinzani. Afande alizungumza kwa upole, kama mtu anayepatana bei ya nyanya sokoni. Achape haya, kinyozi akubali, na jina la saba litaondoka.

Kulikuwa na kanuni pale ofisini. Asiyejua kusoma husomewa maelezo yake na yuleyule aliyeyachapa, ndipo aweke dole gumba. Na kinyozi hakuwahi kukanyaga darasani, maskini wa Mungu.

Basi mama akayachapa, akaishika karatasi ya uongo mbele ya uso wake, akamsomea kinyozi maelezo ya kweli. Aliyakumbuka yote, mpaka lile povu, mpaka jina la mtoto. Sauti haikumtetemeka, na kwa hilo alijichukia. Kinyozi alisikiliza kichwa chini, machozi yakimtoka, akabonyeza kidole kwenye wino.

"Asante, mama," alisema. "Wakininyonga, angalau watu watajua kwa nini."

Kesho yake mchana redio ilitangaza kwamba kinyozi amekiri kutumwa, na watu kumi na mmoja wametiwa mbaroni. Mdogo mtu alikuwa mezani kwa dada yake, mzima wa afya, kijiko mkononi. Akaisukuma sahani.

"Mshenzi yule, dada. Sisi tunamwita shujaa, kumbe ametuuza. Acha wamnyonge."

Dada mtu aliirudisha sahani mbele yake, akamwambia ale, chakula kinapoa.