Marashi ya Siku ya Posa

Watu hupulizia marashi nyumbani kwa sababu nyingi: choo kibovu, paka, mgonjwa wa siku nyingi. Mwanangu Lualhati alipulizia kwa sababu yangu mimi.

Hapa mjini Lingayen nimeuza bagoong miaka thelathini. Ni dagaa na chumvi mtungini, unawaacha wachachuke mpaka watoe mchuzi. Ndiyo, wananuka! Kwani ada ya chuo kule Manila ililipwa na maua ya waridi? Baba yake alikufa Lualhati akiwa bado ananyonya, na mitungi hiyo ndiyo iliyomlea.

Jumapili ya posa alikuja asubuhi na makopo manne. Akapulizia mapazia, makochi, mpaka sanamu ya Bikira Maria. Mimi nilikuwa nimesugua mikono kwa ndimu hadi ngozi inawasha, nimevaa gauni jipya. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa moja tu: wazazi wa mchumba wake, Amadeo, wakishaomba, mimi mama mtu niseme, "Tumekubali." Neno hilo nililisubiri tangu nimzae.

Lualhati akaninusa shingoni. Akaninusa, jamani, kama mtu anayekagua samaki sokoni!

"Mama, bado."

"Bado nini?"

"Harufu. Wale ni watu wa maghorofani Manila. Kaa uani na mitungi yako, mama mdogo Pacita atakaa kwenye kiti chako. Nitasema unaumwa, umelala."

"Niumwe nini mie?"

"Mama, tafadhali. Leo tu."

Pacita, mdogo wangu, akajifanya anapanga sahani. "Dada, usimharibie mtoto siku yake." Mnafiki mkubwa! Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikavua gauni, nikavaa nguo za kazi, nikatoka.

Dirishani nikasikia wageni wakikohoa kwa marashi. Nikasikia wakiomba. Nikamsikia Pacita akisema, "Tumekubali," kwa madaha, na watu wakapiga makofi. Nililia huku nimeshika mwiko.

Punde mlango wa uani ukafunguka. Mama yake Amadeo, Bi Felicidad, akatoka akijipepea kwa leso.

"Afadhali hewa! Mle ndani nusura nizimie." Akaona mitungi. "He! Bagoong! Marehemu mama yangu alikuwa akitengeneza hii hii. Tangu afe sijaonja ya kweli."

Akachovya kidole, akalamba, akafumba macho. "Lo, mama, mkono wako mtamu! Wewe ni nani wa nyumba hii?"

Lualhati alikuwa keshafika mlangoni, nyuma yake. Nikamwachia yeye ajibu. Sasa alikuwa akiogopa nini? Mkwe mwenyewe alikuwa akilamba vidole! Angesema tu, "Huyu ndiye mama yangu, nilidanganya," tukacheka, yakaisha. Nilimtazama mpaka macho yakaniuma.

Akamshika Bi Felicidad mkono. "Ni muuzaji tu, mama. Turudi ndani, usije ukanuka."

Bi Felicidad aliomba chupa mbili za kwenda nazo Manila. Nilimjazia mwenyewe, kisha nikazifuta vizuri kwa nje, zisimnukie garini.