Waya Uliolegea

Mapatano yalikuwa wazi, na mume mwenyewe aliyakubali akiwa bado na bandeji kichwani: akipona, atafunga tanga la mbele la katamarani yao, ile mashua ya matumbo mawili, peke yake, mke akitazama. Akikosea, inauzwa, na hakuna kununa. Mnunuzi alishapatikana na alikuwa akisubiri simu.

Tangu mti unaoshika tanga kubwa kwa chini umgonge kichwani, mwalimu huyu wa kuendesha mashua alikuwa akitia chumvi kwenye chai na kumwita mkewe kwa jina la dada yake. Daktari alisema kumbukumbu itarudi. Madaktari nao, wakikosa la kusema, husema hivyo.

Mke alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa ufukweni, kando ya mashua. Mume akaifunga pembe ya chini ya tanga, akabana vibanio kimoja kimoja kwenye waya unaoushikilia mlingoti kwa mbele. Kisha akaduwaa, kamba mkononi.

"Imejisokota," mume akasema, akaizungusha kamba ikanyooka. Akalipandisha tanga, akalikaza kwa nguvu zote, akafunga fundo.

Hapo mke akauona ule waya wa mbele. Ulikuwa umelegea, unaning'inia. Maskini, mume wake hakupona.

"Baba watoto," akasema kwa upole, "kuna kitu umesahau. Waya umelegea."

"Eeh, umelegea."

"Unasema tu eeh? Mlingoti si utaanguka, safari hii utumalize wote wawili!"

Mume akashika kiuno. "We mama, miaka yote unanivutia kamba umeinama hapo nyuma, hujawahi hata siku moja kuinua macho ukatazama mbele? Tanga lina waya wake ndani ya pindo. Likikazwa, lenyewe ndilo linaloushika mlingoti, na huu wa nje unapumzika. Ungekuwa umekaza, ndiyo ningekwambia tanga limelegea. Njoo ushike, acha kunitolea macho!"

Mke akashika pindo la tanga. Lilikuwa gumu kama chuma. Mume akaendelea kumsomesha kama mwanafunzi mtoro, kutoka kileleni mpaka chini, bila kukwama hata kwenye neno moja. Siku nyingine angemjibu, na wangenuniana mpaka kesho yake. Leo alikaa mchangani akilia na kucheka kwa pamoja. Hajawahi kufurahia kugombezwa namna ile.

"Sasa unalia nini? Nimekosea?"

"Hujakosea. Mimi ndiye niliyekosea."

"Basi kauzwe wewe," mume akasema, akarudi kwenye kamba zake.

Mke akatoa simu, akampigia mnunuzi. "Unisamehe, ndugu yangu, mashua haiuzwi tena. Mwenyewe amerudi."

"Kwani alikuwa amesafiri?"

"Alikuwa mbali," akasema, machozi bado yakimtiririka. "Mbali kweli."