Mgeni Aliyetaka Kuona Uani

Hodi ilipigwa mlangoni kwa Bi Saleha saa ambayo watu wa Pangani hawapigiani hodi. Jua lilikuwa la utosi, vyungu bado viko mekoni, na kila mtu yuko ndani kwake akiisubiri adhana ya adhuhuri.

"Hodi wenyewe!" Sauti ilikuwa ya kike, changa, na lafudhi yake si ya pwani.

Bi Saleha alikuwa kitandani. Alianguka na ndoo ya maji, akavunjika paja, na hospitali ya Tanga ikamlaza miezi. Sasa karudi kwake, lakini kutwa yake bado ni ya kitandani. Akamnong'oneza jirani yake Mastura, aliyekuwa akimpepea, "Katazame ni nani. Kama katumwa na Idarusi, mwambie nimelala."

Idarusi alikuwa mwanawe wa pekee, karani wa bandari mjini Tanga. Alikuwa ameongeza chumba kwenye nyumba yake ya mtaa wa Usagara, huko huko Tanga, akakipaka chokaa, akanunua kitanda na chandarua. Ijumaa ya juma lile atakuja na gari, amchukue mama yake moja kwa moja, na nyumba ya Pangani ipangishwe. Hakuyasema hayo kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Bi Saleha, maana hakuwa na wa kumkasirikia. Mwana ampenda mama yake. Lakini nyumba hii ndiyo aliyoingia mwari, humu kazaa, humu kafiwa, na ukimfumba macho atakuambia kwa harufu tu yuko chumba gani. Huko Usagara atakuwa mgeni wa mkwewe mpaka siku ya kufa.

Mastura akarudi na msichana mwembamba mwenye gauni jeupe, msalaba mdogo shingoni, na viatu vilivyogeuka rangi kwa vumbi la basi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nani kakutuma?"

"Naitwa Praxeda. Natoka hospitali ya Tanga, chumba kile cha kuwafundisha watu kutembea. Hakuna aliyenituma, nimeomba mwenyewe." Akavua viatu bila kuambiwa, jambo ambalo Bi Saleha aliliona. "Sisi tunawafundisha wagonjwa kutembea kwenye saruji iliyopigwa deki, bibi. Wanatembea vizuri, tunawapigia makofi, wanakwenda kwao. Kisha wanarudi wamevunjika tena. Nikamwambia mkubwa wangu, nipe ruhusa nikaone huko makwao kukoje."

"Mtu wa wapi wewe?"

"Mshambaa, bibi. Wa Lushoto."

"Lo! Wa milimani," akasema Mastura. "Samaki unakula, au unaogopa macho yake?"

"Nakula mpaka macho, dada."

Mastura akacheka, na kwa kicheko hicho mgeni akawa mgeni kweli. Basi hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa jinsi watu wa mtaa ule wanavyojua kupokea wageni. Mastura aliita juu ya ukuta wa ua, na kufumba na kufumbua wanawake walijaa. Mmoja kafagia ukumbi, mwingine katandika mkeka mpya wa rangi, mwingine kafukiza udi. Mkate wa kumimina ukatoka nyumba ya tatu, chai ya tangawizi ikatoka nyumba ya pili. Bi Saleha akavishwa kanga mpya, akaegemezwa mito kama bibi harusi anayesubiri kutazamwa. Pakapendeza. Hata yeye mwenyewe alijisikia vizuri.

Praxeda alikunywa chai, akashukuru, kisha akasema kwa adabu, "Naomba nikione choo."

"Umebanwa, mwanangu?"

"Hapana. Nataka kukiona tu."

Wanawake wakatazamana. Mastura akafunika mdomo kwa upindo wa kanga. "Mgeni haonyeshwi choo, bibi wee! Una nini na choo cha watu?"

"Basi nionyeshwe jiko."

"Jiko lina moshi. Kaa, ule."

Praxeda akamwomba Bi Saleha asimame ili amwone anavyosimama. Bi Saleha hajajisukuma, mikono minne imeshamwinua. Akamwomba anywe maji mwenyewe, kikombe kikafika mdomoni. Ikawa kila anachoombwa mgonjwa kinafanywa na wengine, kwa furaha na kwa haraka. Mwishowe mgeni akatoa mkobani futi ya fundi cherehani, akapima urefu wa kitanda kutoka sakafuni, kisha akapiga goti akapima mguu wa Bi Saleha, kuanzia kisigino mpaka gotini.

Mastura akaruka. "Alaa! Mtu yu hai unampimia sanda?"

"Sanda gani, dada? Napima kama kitanda kinamfaa."

"Kitanda kinapimwa kwa godoro, hakipimwi kwa mguu wa mtu! Astaghfirullah."

Praxeda alikunja futi yake taratibu. Uso ulikuwa umemwiva. Akamgeukia Bi Saleha peke yake, akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, nimeambiwa kuwa mwanao anakuja Ijumaa. Akiniuliza, nitamjibu nilichokiona. Na nilichokiona leo ni mtu asiyeweza kuinuka, asiyeweza kujitilia maji, asiyeweza kitu. Je, ndiyo kweli?"

Udi ulikuwa bado unafuka. Bi Saleha aliwatazama jirani zake mmoja mmoja, watu wema wasio na kasoro, akaona kama kwamba wamemshika mikono na miguu na kumpakia ndani ya gari la Idarusi.

"Mastura."

"Bee, Bi mkubwa."

"Chukua wenzio, nendeni makwenu. Mungu awalipe. Niacheni na huyu mtoto."

Walitoka wakinong'ona. Mlango ulipofungwa, Bi Saleha alijiburura mpaka ukingoni mwa kitanda. Kilikuwa kitanda cha samadari, kirefu, kile alichoolewa nacho, na miguu yake haikufika chini. Akajiachia, akatua vibaya, akashika ukuta. Praxeda hakumgusa. Alisimama karibu tu, mikono tayari.

"Haya," akasema Bi Saleha huku anahema. "Njoo uone aibu yangu."

Akampeleka uani. Kwanza kizingiti kirefu cha mlango wa nyuma, ambacho alikivuka kwa kukikalia na kuinua mguu mmoja mmoja kwa mikono. Kisha ardhi yenye ukungu wa kijani kando ya kisima, pale pale alipoanguka. Jiko la mafiga matatu, chini kabisa. Kibao cha mbuzi, kile cha kukalia unapokuna nazi, nacho kiko chini, na mtu mwenye paja bovu akikikalia hainuki. Mwisho choo, cha shimo, cha kuchuchumaa.

"Huku unakujaje?" akauliza Praxeda.

Bi Saleha aliutupia jicho ukuta wa ua. Jambo lile hakuwa amemwambia mtu, hata Mastura. "Alfajiri," akasema. "Kabla hawajaamka. Natambaa. Nikirudi nanawa magoti, wasione."

Alitarajia kuhurumiwa, na huruma alikuwa amechoka nayo. Lakini yule binti alichutama akaitazama njia yote, kutoka kizingitini mpaka chooni, macho yakimeremeta kama ya mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta.

"Kumbe unafika!" akasema. "Kila siku, peke yako. Bibi, kazi iliyobaki ni ndogo. Tukutafutie tu njia ya kufika ukiwa umesimama."

Praxeda alilala kwa jamaa wa kanisa lake, na asubuhi akaja na fundi seremala, Uweso, mtu wa maneno mengi kuliko misumari. Miguu ya samadari ikakatwa. Bi Saleha aligeuza uso msumeno ulipoanza kulia, lakini alipokalia kitanda na nyayo zikakanyaga sakafu, alikaa na kuinuka, akakaa tena na kuinuka tena, kama mtoto. Kwenye kizingiti pakawekwa ngazi ya ubao ndani na nje, na mpini wa kushika ukutani. Chooni kikaingia kiti kilichotobolewa katikati, ambacho Uweso alikibeba njia nzima kichwani kwa fahari, akimweleza kila aliyeuliza ni cha nini.

Mbuzi ndiye aliyewachekesha. Uweso aliupigilia ule ulimi wake wa chuma wa kukunia nazi kwenye stuli ndefu. "Mtaa mzima mna mbuzi," akasema. "Bi Saleha peke yake ana twiga."

Halafu kamba. Praxeda alitaka kitu cha kushika kutoka mlangoni mpaka jikoni, kisimani na chooni. Mume wa Mastura alikuwa na kamba nene ya mkonge, na nguzo za mikoko zikachimbiwa uani. Kamba ikapigwa mafundo, kila fundo mahali pa kusimama na kupumua. Mastura mwenyewe ndiye aliyeikaza. Alikuwa bado amenuna.

"Sasa mimi nitakuja kufanya nini hapa?" akauliza.

"Utakuja kupiga soga," akasema Bi Saleha. "Umenipepea kama maiti mpaka soga zetu zimekufa."

Mastura akacheka bila kutaka, akajifuta macho.

Ijumaa baada ya sala Idarusi alifika, kanzu nyeupe, gari la kuazima limesimama nje na dereva ndani yake. Alisalimu, akambusu mama yake mkono, akaangaza huku na huku akitafuta mizigo. Akaona kitanda kifupi.

"Mama, nani kakiharibu kitanda?"

"Kaa kwanza, baba."

Praxeda alijitambulisha. Idarusi alimsikiliza kwa heshima ya mtu wa ofisini, kisha akasema, "Dada, nashukuru. Lakini mimi ndiye nitakayepigiwa simu bandarini kuambiwa mama kakutwa kisimani. Si wewe."

"Ni kweli kabisa, kaka. Wala sikuja kukwambia abaki au aende. Nakuomba ukae hapa umtazame, na usimsaidie."

Hilo la mwisho lilimshinda karibu mara zote. Mama yake alipoinuka, yeye naye aliinuka. Alipovuka kizingiti, mwana alinyoosha mikono akairudisha. Alimwona akishika kamba, fundo kwa fundo, pole pole, akiingia chooni na kutoka. Alimwona akikalia ile stuli na kukuna nazi, nyeupe, laini, bila kuchubua ganda. Bi Saleha alikuwa akitokwa na jasho chini ya kanga, na paja likimuwaka, lakini nazi alimaliza.

Idarusi alikwenda mwenyewe akaivuta ile kamba kwa nguvu, haikulegea. "Haya," akasema. "Baki, mama. Ila siku utakayoanguka, hata mara moja, nakuja na gari, na hapo tusibishane."

"Hatutabishana."

"Na utasema, bibi?" akauliza Praxeda. "Hata kama hakuna aliyeona? Nami nitakuwa nikija, lakini sitajua kitu usiponiambia. Nyumba yako iliwahi kunificha mambo."

Bi Saleha alimtazama yule binti wa milimani, aliyekuwa amemvulia viatu na kumwona akitambaa. "Nitasema," akajibu. "Nakuahidi wewe, namwahidi na huyu."

Miezi ikapita, na mvua za vuli zikaja. Bi Saleha alipika, alifua vitu vyepesi, alipokea wageni na kuwapikia wali wa nazi aliyoikuna mwenyewe. Mchana Mastura alikuja akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, wakasema watu.

Asubuhi moja, Mastura akiwa sokoni, kuku wa jirani aliingia uani akavamia mchele ulioanikwa. Kuku mwenyewe mkorofi, anayejulikana. Bi Saleha akampigia kelele, hakusikia. Basi akaiachia kamba. Hatua chache tu, upindo wa kanga mkononi ukipunga, "Kishe! Kishe!" na mguu ukateleza kwenye tope, akakaa chini puu.

Hakuvunjika. Alijipapasa taratibu, akasubiri moyo utulie, akajivuta mpaka kwenye nguzo, akapanda fundo kwa fundo mpaka akasimama. Kuku alikuwa juu ya ukuta akimtazama. Uani hapakuwa na mtu mwingine. Bi Saleha akaoga, akabadili kanga, ile yenye tope akaifua akaianika. Ilipofika adhuhuri ilikuwa imeshakauka, na jambo lile likawa kama halikutokea.

Alasiri Idarusi akaingia na basi, bila taarifa, kapu la tende mkononi. Alikuwa amechangamka kuliko siku zote. Akala, akasifu mchuzi, akajinyoosha mkekani kama alivyokuwa akijinyoosha zamani akitoka chuoni.

"Mama," akasema, "nilikuwa na hofu kila simu ikilia. Sasa sina. Nakuona umenawiri. Nimeridhika, wallahi. Sitakutajia tena habari za Usagara."

Bi Saleha alitazama ukumbi wake. Mwanga wa alasiri ulikuwa umeingia mpaka kwenye miguu ya kitanda. Kukaa kimya kusingemgharimu kitu, na kanga ilikuwa kavu.

"Idarusi, baba. Inuka ukae vizuri," akasema. "Leo asubuhi nimeanguka."

Uso wa mwanawe ulibadilika. Alifungua kinywa, lakini mama yake akainua mkono, akaendelea. Akamwambia aliiachia kamba, mahali gani, na kwamba aliinuka mwenyewe. Alisema yote mpaka mwisho, hata habari za kuku. "Niliahidi kwamba hatutabishana," akamaliza, "na sitabishana."