Mgeni Mwenye Sharubu

Balaa lilianzia kwenye huruma. Mzee, kinyozi mstaafu, alikuwa na kibwawa nyuma ya nyumba, na kila akivua perege alikula wakubwa na kuwarudisha wadogo majini. "Waacheni wakue," alisema. Hawakukua ng'o. Walizaana. Maji yakajaa visamaki vyenye vichwa vikubwa na miili ya njaa, vikigombania pumba kama wageni waliosikia sahani zikigongana jikoni.

Mkwewe, fundi wa kuchomelea mageti aliyeitwa Cheche, ndiye aliyejitia udaktari. Muuza samaki wa kufuga alimshauri: "Tia kambare wachache wa urefu wa kidole. Watakula vitoto tu, wazazi wapumue."

"Cha kidole kitamla nani? Nipe yule." Cheche alionyesha kambare mnene kama mkono wake.

"Huyo hachagui, fundi."

"Ndiyo maana namtaka."

Alimmwaga bwawani mzee akiwa amesinzia, asimwambie mtu. Perege wakishanenepa, sifa zingemfuata zenyewe.

Visamaki vilipungua, Cheche akatembea kifua mbele. Kisha wakapungua wakubwa. Kisha akatoweka Mwenyekiti, perege wa jicho moja aliyezoea kula pumba vidoleni mwa mzee.

"Nimemuua mimi," mzee alisema. "Nilimnyoa jirani, nikaja kumlisha mikono ikinuka spiriti."

"Baba, spiriti kidogo hivyo haiui samaki."

"Unajua nini wewe? Kachomelee mageti."

Tangu hapo mzee akawa ananawa mikono hadi inachubuka, wala bwawani hasogei. Binti yake ndiye aliyerusha pumba.

"Mume wangu, mbona huli?" alimuuliza Cheche mezani.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, na sahani hujaigusa?"

Alishiba Mwenyekiti. Alikuwa amemla, ingawa kwa mdomo wa kuazima.

Alijaribu kumvua kambare kimyakimya kwa ndoana. Kambare, kwa shibe ile, alimpuuza.

Jumapili moja mzee alitoka na kisanduku chake cha kunyolea, akakiweka mapajani mwa Cheche. "Mpe kijana yeyote anayeanza kazi. Mikono hii basi tena."

"Baba, kirudishe ndani. Mikono yako haina kosa. Kuna kambare mle. Nilimtia mimi."

"Kambare gani?"

"Mkubwa."

"Na ulikuwa unaniona ninavyojisugua?"

"Nilikuwa naona, Baba."

Mzee alimgeuzia mgongo. Bora angetukana, matusi Cheche aliyazoea tangu utotoni, alijua namna ya kuyacheka. Mgongo huu hakujua pa kuushika.

Mzee alichukua gao la pumba, akachuchumaa ukingoni, akatumbukiza vidole. Baada ya muda kichwa kipana kikaibuka, sharubu zikampapasa.

"Kumbe nawe una njaa," alimwambia. "Mwenzio alikuwa mpole."

Akasimama. "Kesho ulete wavu, tumtoe. Kisha ulete hao wa kidole. Na wadogo nitakaovua, sirudishi tena."

"Sawa, Baba."

Mzee alikifungua kisanduku. "Sasa kaa hapo. Ndevu zako na zake zimefanana."

Cheche alikaa, akainua kidevu. Alitamani wembe umkwaruze japo kidogo. Lakini mkono wa mzee ulikuwa mwepesi kuliko siku zote, ukinuka spiriti, na macho ya Cheche yakajaa machozi.

"Tulia," mzee alisema. "Nitakukata."