Mashine Zinazoamka Tupu

Bi Mkubwa alikuja chuoni kumletea karani kitambaa cha kufuma, basi. Cha kwanza alikituma kwa mkono wa mkamwana wake, kikapendwa. Hiki cha pili akaona akilete mwenyewe, apate na kuiona hiyo kazi inayomtoa mke wa mwanawe nyumbani kabla ya jua. Lakini ofisi ya karani ilikuwa bado imefungwa, akaelekezwa chumba cha jirani, chenye kompyuta.

Alimkuta mkamwana wake, ambaye pale kila mtu alimwita Fundi, amepiga magoti chini ya meza. Pembeni yake alisimama mkuu wa chuo, mikono kiunoni.

"Wakunga wangu wako nje wanangoja mtihani," mkuu alikuwa akisema. "Jana zote ziliwaka. Leo moja imewaka, nyingine zimenuna. Si nilikwambia? Kompyuta isiyo na diski ni chungu kisicho na kitako."

"Kengele bado, Mwalimu."

"Ikilia hazijawaka, nawarudisha wanafunzi makwao. Na wewe utavibeba vyungu vyako, usirudi."

Akatoka. Bi Mkubwa akasogea karibu na meza. Mwanawe, dereva, alikuwa kitandani na mguu uliovunjika. Nyumba nzima ilikuwa imeegemea mgongo wa binti huyu.

"Shikamoo Mama. Umechagua siku kweli."

"Marahaba, mwanangu. Zinaumwa nini?"

Fundi alijibu huku akipapasa waya. "Hizi hazina kitu ndani, Mama. La jana hazilikumbuki. Ukiiwasha, haijui hata jina lake. Inapiga ukelele kwenye waya: mimi nani, niende wapi? Ile kubwa kule pembeni, seva, inaijibu: wewe ni fulani, njoo uchukue. Ndipo inapewa kila kitu, mpaka picha ya kumwonyesha mtu."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Na ikizimwa?"

"Vyote vinapotea. Kesho inaomba upya."

Bi Mkubwa alizitazama zile mashine, kila moja ndogo kama msahafu, zimepangwa mezani zimenyamaza. Akavua viatu. Hakujua kama amevua.

Fundi alizizima zote, akawasha moja tu. Kwenye kioo cheusi yakatokea maandishi meupe, kisha nukta, na nukta nyingine. Bi Mkubwa alijikuta amezuia pumzi, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua. Ghafla ikaja namba.

"Imejibiwa!"

"Imejibiwa, ndiyo," Fundi akasema polepole, "ila si na mimi. Tazama, namba zangu haziko hivi. Kuna aliyeipa namba, lakini hajui pa kuipeleka. Ndiyo maana imesimama hapo, imeduwaa." Akainuka. "Mama, humu ndani kuna mwingine anayejibu."

Vinyweleo vya mikono vilimsimama Bi Mkubwa. "Mwingine nani?"

"Ndiye ninayemtafuta. Anayewahi kujibu ndiye anayesikilizwa. Ile iliyowaka asubuhi, seva yangu iliwahi. Zilizobaki, huyo mwenzangu kaniwahi."

"Mafahari wawili zizi moja."

"Na nyasi ni mimi, Mama."

Fundi alikwenda kwenye kisanduku cha ukutani ambako waya zote zilikutana. Akachomoa mmoja, akaiwasha upya mashine, akasoma. Namba ile ile ya kigeni. Akaurudisha, akachomoa mwingine. Hivyo hivyo, bila papara, kama mtu achambuaye mchele. Kila mashine ilipoanza kuita, midomo ya Bi Mkubwa ilicheza: Mola, ijibiwe na mwenyewe.

Alipochomoa waya wa pembeni kabisa, namba ikabadilika. Kioo kikatulia kidogo. Kisha maandishi yakaanza kumiminika, mistari kwa mistari, mbio hata jicho lisiwahi, na baada yake ikafunguka rangi ya bluu iliyojaa kioo kizima.

"Mola wangu," Bi Mkubwa alisema, akakaa.

Fundi aliufuata ule waya kwa kidole. Ulipenya ukutani, upande wa pili. Na huko ndiko funguo zilikosikika, karani anaingia.

"Dada," Fundi alimkuta mlangoni, "umeweka nini kipya humu?"

"Mimi? Hakuna." Kisha karani akacheka kidogo. "Labda kale kakisanduku kangu ka intaneti. Jana jioni nimekaleta toka nyumbani, simu yangu haishiki humu. Nikaona tundu liko wazi ukutani, nikachomeka. Nimekafunika kasipate vumbi."

Juu ya kabati kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, na kwenye matundu ya maua yake taa ya kijani ilikuwa ikipepesa. Bi Mkubwa aliyajua yale maua. Alikuwa ameyafuma mwenyewe, ua kwa ua, akimsomea mwanawe dua.

"Ama kweli," Fundi alisema, "kumbe nako kanagawa namba! Nimetafuta mchawi mji mzima, kumbe kajifunika nguo ya mama mkwe!"

Karani alijishika mdomo, akauchomoa waya haraka.

Wakarudi. Fundi alipita akibonyeza moja baada ya nyingine, na ya mwisho akamwachia Bi Mkubwa. Akasema bismillahi. Akabonyeza. Chumba kizima kilikuwa kikiita kwa pamoja bila sauti, na kila inayoita ikijibiwa, hakuna iliyochanganywa na mwenzake. Vioo vikafunguka, hapa, kule, mpaka bluu ikaangaza kuta.

Kengele ikalia. Mkuu alifungua mlango, akasimama. Alitazama vioo, akamtazama Fundi, akasogea kando wakunga wapite.

"Mama," mkuu alimnong'oneza Bi Mkubwa, "sakafu ina baridi, vaa viatu."

"Niache kidogo, Mwalimu."

Alfajiri iliyofuata Bi Mkubwa aliamka, lakini hakuinuka upesi kama kawaida yake. Alilala kimya gizani, kabla hajalikumbuka hata jina lake, akisikiliza. Kisha akasikia mkamwana wake akifunga mlango taratibu, anakwenda kazini.