Timazi na Matege ya Mama Divin

Mimi Mugisho ni seremala, na hapa mtaani Bwiza hakuna asiyejua kwamba sisimamishi hata fremu moja bila timazi, ile kamba yenye kizito ya kupimia wima. Kitu kikisimama wima, fundi analala vizuri. Ndiyo maana siku ile hospitalini nilikuwa upande wa Dokta Maxime, mia kwa mia.

Mke wangu Léoncie, Mama Divin, alizaliwa na matege. Nilimpenda nayo. Lakini goti lake la kulia lilikuwa limekwisha kabisa. Na vita hivi vimetufundisha: risasi zikianza kulia, funga mlango haraka, lala chini. Mimi mchana niko kazini Zone Industrielle, kule kwenye viwanda. Nyumbani anabaki yeye na wajukuu wawili, na mlangoni alikuwa hafiki tena kwa wakati. Niliogopa, sifichi.

Goti la chuma likapatikana. Ugomvi ukawa: liwekwe vipi?

Dokta Maxime alipiga mstari juu ya picha ya eksirei, kutoka nyonga mpaka kifundo. "Tunaunyoosha mguu wote. Uzito unapita katikati, goti linadumu."

Dokta Marguerite, mkuu wake, akakataa. "Tufuate mguu alivyozaliwa nao. Tukiunyoosha, kano zitavutwa, atausikia kama mguu wa jirani. Na ule mwingine je, ubaki upinde?"

Nikatoa timazi mfukoni, nikaining'iniza mbele ya picha. "Dokta, wima!"

"We Baba Divin," Léoncie akasema kitandani, "ficha hiyo kamba. Ebu waambie madokta juu ya mulango yetu."

Jamani! Nikakohoa kikohozi cha uongo.

"Nyumba yetu imeinama tangu tuinunue," akawaeleza mwenyewe. "Huyu fundi akaweka mulango wima, na timazi yake. Apana kufunga! Miaka tisa naisukuma na goti, mutoto mukononi." Akajipiga paja la kulia. "Na goti yenyewe ni hii."

Dokta Maxime ndiye aliyeanza kucheka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

"Njia ya Maxime imejaribiwa zaidi, Mama," Dokta Marguerite akamwambia kwa haki. "Hii yangu siwezi kukuahidi miaka mingi."

"Mi nataka matege yangu."

Alipokuwa bado amelazwa baada ya upasuaji, niling'oa ule mlango, nikaupiga randa kufuata ukuta ulivyoinama. Bila timazi. Nilifanya kazi nikichungulia barabarani kama mwizi. Aliporudi na mkongojo wake na matege yake mazuri, akausukuma kwa kidole kimoja, ukafunga. Hakunisifu hata kidogo.

Mwezi wa tatu baada ya hapo, adhuhuri, risasi zikalia kutoka milimani. Nilikimbia kutoka kazini hadi Bwiza bila viatu. Nikakuta mlango umefungwa, umekaza, hata nafasi ya wembe hakuna. Nikaketi kizingitini, nikalia kwa furaha.

"Nani huyo?" sauti yake ikauliza ndani.

"Ni mi, Baba Divin."

"Kama uko na timazi, baki huko huko."