Udongo Ulioshindiliwa Mkavu

Dalmas Obura hakuwa mtu wa kujidharau. Alikuwa amejenga misingi ya nusu ya nyumba za reli pale Nakuru, na sifa zake alizitangaza mwenyewe. "Msingi nikishindilia mimi, hata treni ipite juu," alipenda kusema, na wachache walithubutu kumbishia.

Kwa hiyo mvua za mwaka 1957 zilipolipasua kanisa dogo la lokesheni, mtaa wa wafanyakazi wa reli, kona ikazama na ufa ukafunguka kiasi cha kupitisha mkono, hakuna aliyeushuku msingi wa Obura. Wote walimshuku Kipsang, mwashi aliyejenga kuta. Wakasema kaiba saruji. Obura alisikia, akanyamaza. Kazi zikamkaukia Kipsang, akarudi kwao Keringet kupasua kuni za watu.

Mwaka uliofuata Mzee Kipkorir, kiongozi wa kanisa, akamwita Obura aiokoe kona kabla mkaguzi wa majengo hajaamuru jengo libomolewe. Obura akafika na majembe, chokaa na maringo yake yote. Akauegemeza ukuta kwa magogo, akachimba chini ya kona shimo la upana wa hatua moja tu, ili ukuta usikose pa kukalia.

Chini alikuta udongo wa majivu ya volkano, mkavu, mgumu. Ndio uleule alioushindilia mwenyewe miaka minne nyuma, bila tone la maji, kama alivyozoea kwenye udongo mwekundu wa kwao Nyanza. Akaumwagia kopo la maji. Udongo ukayanywa, ukalegea, ukashuka vidole vinne mbele ya macho yake. Na maji ya paa yalikuwa yakimwagikia papo hapo kila masika.

Akaigonga saruji ya Kipsang kwa patasi. Patasi ikadunda. Akaketi humo shimoni.

"Imekuwaje, fundi?" Mzee Kipkorir akauliza kutoka juu.

"Si Kipsang, mzee. Ni mimi. Hii udongo nilishindilia kavu."

Mzee akainama ukingoni mwa shimo. "Tutasema ni mvua. Nani atajua?"

"Kipsang atajua."

Akainuka, akashika kazi. Maringo yalimrudia, safari hii yakiwa na akili. Alichimba shimo moja, akaruka hatua moja na kuchimba la pili, kisha akarudi kuchimba sehemu iliyobaki katikati. Udongo aliulowesha hadi ukashikana kiganjani, akauchanganya na chokaa, akaushindilia tabaka kwa tabaka, kisha akapanga mawe juu yake. Maji ya paa akayachimbia mfereji wa kuyapeleka mbali. Mwisho, mchana kweupe, akamwaga mapipa matatu ya maji pale konani. Ukuta haukutikisika.

Jumapili akasimama mbele ya waumini. Kipsang, aliyeitwa kutoka Keringet, alikaa karibu na mlango, kofia gotini.

"Kuta za huyu ni nzima," Obura alisema. "Msingi ulikuwa wangu, na ulikuwa mbovu. Mlimwita mwizi, mimi nikanyamaza. Kipsang, nisamehe."

Kipsang akainuka, akapita katikati ya mabenchi, watu wakidhani anatoka. Akaenda moja kwa moja hadi konani, chini ya ufa, akaketi kwenye benchi la pale na kuuegemea ukuta kwa uzito wake wote.

"Kuja hapa, Obura," akasema. "Hii benchi inatosha wawili."